Njia Isiyo na Daftari

Iwe uko jikoni Kaloleni ukisonga ugali, uko kibandani kwako Mutindwa, au umekwama ndani ya matatu pale Jogoo Road, naomba sikio lako kwa muda mfupi. Leo sizungumzii barabara. Barabara zina wasemaji wengi na mabango mengi. Nataka tuzungumze kuhusu njia ya miguu: kile kichochoro unachokata asubuhi ukienda steji, ile njia nyembamba kati ya koti na koti, yaani kati ya kundi moja la nyumba na jingine, ule ubao uliolazwa juu ya mtaro ili watoto wavuke kwenda shule.

Nianze kwa swali. Kesho ukiamka ukute kichochoro hicho kimezibwa kwa mabati, utamwendea nani? Chifu? Mwakilishi wadi? Kanjo? Mzee wa mtaa? Fikiria kidogo kabla hujajibu. Nimewauliza watu wengi swali hili, na wengi hunitajia jirani fulani mwenye sauti kubwa. Wengine hucheka tu, wakasema watatafuta njia nyingine. Na kweli njia nyingine ipo, kwa leo. Nayo itazibwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo ndilo neno langu la leo, nami nitalirudia kabla hatujaagana. Njia zetu za miguu huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ni mali, tena mali ya umma, lakini hazina daftari. Kwa hiyo zinapotea, na hakuna anayepiga nduru.

Kwanza tujiulize ni akina nani tunaowazungumzia. Ukichukua safari kumi zinazofanywa Nairobi kwa siku, karibu nne ni za watu wanaotembea tangu mlangoni kwao hadi wanakokwenda. Na yule wa matatu naye, si anatembea hadi steji, kisha akishuka anatembea tena? Mfanyakazi wa kiwandani anayetoka Mukuru kwa Njenga kwenda Industrial Area mara nyingi hapandi chochote. Anafuata reli, alfajiri, yeye na mamia ya wenzake, wakisikiliza honi ya treni. Mama mboga anayetoka Muthurwa na gunia la sukuma, mtoto wa darasa la kwanza, mzee anayekwenda kliniki, wote hawa wanategemea njia ambayo haina jina.

Sasa, msikilizaji, kuna watu hudhani mitaa yetu ilijengwa ovyo tangu mwanzo. Si kweli. Mitaa mingi ya zamani ilipangwa, na waliopanga walijua kwamba wakaaji watatembea. Tazama Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940. Nyumba zimezunguka viwanja vya nyasi, na njia zinakwenda kwenye ukumbi, kwenye maduka, kwenye shule. Mwaka 1948 ukaja mpango mkuu wa Nairobi, mpango wa mji mkuu wa koloni, na ndani yake kulikuwa na wazo hilohilo: mtaa uwe kitu ambacho mtu anaweza kukimaliza kwa miguu. Sisemi walitupenda. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi, na Mwafrika alitengewa huku mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi, wakati Wazungu walikuwa juu kwenye vilima vya udongo mwekundu na miti. Huo udongo mweusi nitaurudia, maana una kesi yake.

Baada ya uhuru mtindo uliendelea. Buruburu ilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, ikachorwa na wasanifu wa Mutiso Menezes kwa makoti na njia ndogo za kuunganisha koti na koti. Umoja ikaja. Dandora ikaanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: mtu anapewa kiwanja chenye choo na bomba, anajenga mwenyewe kilichobaki, na viwanja vinazunguka uwanja wa pamoja. Ukitazama ramani za mitaa hii utaona njia za miguu zimechorwa. Ukienda leo na ramani mkononi, utajigonga ukutani.

Zilikwendaje? Hapa tusimsingizie mtu wa mbali. Kenya tuna historia ndefu ya unyakuzi wa ardhi ya umma, na ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilijaa mambo ya wakubwa. Lakini kichochoro hakinyakuliwi na wakubwa. Ni jirani yako aliyeongeza chumba kimoja cha kupangisha. Ni mwingine aliyeweka tangi la maji, akajenga na kijukwaa cha mawe chini yake. Kuna aliyeegesha mkokoteni hadi ukaota mizizi, na aliyefungua kibanda cha chipsi. Kisha wakaja wajenzi wa gorofa, pale Umoja Innercore, Huruma na Pipeline, roshani zikatoka nje zikaelea juu ya njia, na jua likaacha kufika chini. Kila mmoja alichukua futi mbili tu. Ukimuuliza atakwambia, mbona fulani naye amejenga?

Narudia: futi mbili, halafu futi mbili. Hakuna aliyekupokonya njia kwa siku moja, ndiyo maana hukulalamika.

Sheria inasemaje? Nitapita hapa haraka, lakini shika mambo matatu. La kwanza, Katiba ya mwaka 2010 inasema barabara na njia zilizowekwa kisheria ni ardhi ya umma. La pili, Katiba hiyohiyo iliipa kaunti kazi ya barabara za kaunti na taa za mitaani. Kwa hiyo lile swali la kwanza, utamwendea nani, jibu lake kwa njia ya ndani ya mtaa ni kaunti. Barabara kubwa kama Outer Ring ni ya mamlaka ya barabara za mijini, KURA, iliyoundwa na sheria ya mwaka 2007. La tatu watu wengi hawalijui. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua haki ya umma ya kupita, hata juu ya ardhi yenye mwenyewe. Na anayeweza kuiombea jamii haki hiyo mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi si serikali peke yake. Chama kinaweza. Kundi la watu linaweza. Ni kazi ya karatasi nyingi na subira, na huenda mwenye ardhi akastahili fidia, lakini mlango uko wazi.

Na sasa nikupe kisa cha wenzetu. Mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya ule mpango wa Nairobi, bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozitaka halmashauri za Uingereza na Wales zichore ramani rasmi ya njia za miguu, hata zile zinazokatiza mashamba ya watu. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo, ramani ndiyo ushahidi. Mwenye shamba akiweka ua, hubishani naye. Unamfungulia ramani. Hilo walijifanyia kwao. Hapa walituachia nyumba bila ramani ya namna hiyo, na sisi wenyewe tangu 1963 hatujaichora. Hiyo ndiyo maana ya mali bila daftari.

Sasa turudi kwenye udongo.

Msikilizaji wa Kayole, wa Umoja, wa Donholm, wewe unaujua udongo huu kuliko mimi. Mvua ikinyesha unavimba kama andazi kwenye mafuta, unanata kwenye gambuti hadi kila mguu unakuwa mzito kama jiwe. Jua likiwaka unanywea na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Chochote ulichokiweka juu yake kinapanda na kushuka pamoja nao. Ndiyo sababu unaona njia imetengenezwa vizuri mwezi wa pili, wakubwa wamepiga picha, na ikifika mwezi wa sita kabro, vile vitofali vya saruji, zimekaa kama meno ya mtu aliyepigana.

Watu husema, kabro ni mbovu. Mara nyingi kabro haina kosa. Kosa liko chini yake. Fundi aliyekuwa mwaminifu angeutoa kwanza ule udongo mweusi, akajaza mawe, akashindilia, akaleta maramu, akashindilia tena, akatandaza mchanga au vumbi la mawe, ndipo akapanga kabro. Kwa njia ya watu, kabro ya unene wa sentimita sita inatosha. Ya sentimita nane ni ya magari. Halafu pembeni lazima kuwe na mawe ya ukingo ya kuzishika, la sivyo zinatambaa. Na njia iinamishwe kidogo upande mmoja ili maji yaende kwenye mtaro, si kwenye mlango wa mtu.

Mtaro ndio mkubwa wa yote. Ningekuwa na shilingi mia moja ya kutengeneza kichochoro, ningeanza na mtaro, na kama zingeisha kabla ya kufika kwenye kabro nisingejuta. Njia ya maramu yenye mtaro safi inapitika mwaka mzima. Njia ya kabro yenye mtaro uliojaa mifuko na nepi ni bwawa. Tukumbuke masika ya 2024, maji yalivyoingia majumbani Mathare na Mukuru. Nasema tena, hasa kwa vijana wanaopewa vijikandarasi vya mtaa: maji kwanza, kabro baadaye.

Kisha kuna adui mwingine, huyu mchimbaji. Leo njia imekamilika. Kesho anakuja mtu wa bomba la maji, anachimbua mita tatu, anafukia kwa udongo uleule mweusi, anaondoka. Wiki ijayo ni mtu wa waya wa intaneti. Mwezi ujao mwizi wa vyuma chakavu amebeba mfuniko wa bomba la maji taka, na shimo limeachwa wazi kwa mtoto na kwa mtu asiyeona. Mkiona mchimbaji, muulizeni kibali chake, na muulizeni nani atarudisha njia kama alivyoikuta. Swali hilo peke yake huwafanya wengine wafukie vizuri.

Naam. Sasa niguse jambo linaloniletea ugomvi kila ninapolitaja. Geti.

Najua kwa nini mageti yaliwekwa. Sijifanyi mgeni. Watu wamepigwa ngeta vichochoroni, wameporwa simu saa kumi na moja asubuhi wakikimbilia matatu ya kwanza. Wakazi wakachanga pesa, wakaita fundi wa kuchomelea, wakaweka geti na soja. Siwalaumu. Lakini tuangalie kilichofuata. Geti la huku likafungwa, wapita njia wote wakahamia kichochoro cha pili. Wa cha pili nao wakafunga. Mwishowe imebaki njia moja ndefu, imezungukwa na kuta pande zote mbili, haina dirisha linaloitazama, na mwizi anajua kila mtu lazima apite hapo. Tumemjengea mwizi kazi.

Uwanja wa ndani wa koti, usiotoka popote, ufungeni mkipenda. Hapo mnakaa ninyi kwa ninyi. Lakini njia inayoingia huku na kutokea kule, inayobeba watoto wa shule na watu wa mtaa wa pili, hiyo si ya koti. Kama hamna budi, wekeni mlango mdogo wa watu kando ya geti la magari, ubaki wazi tangu alfajiri hadi usiku, na soja akae hapo. Mlango huo uwe mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Katiba, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa kiasi kinachofaa, na ngazi mbili za saruji zilizomwagwa ovyo zinatosha kumnyima haki hiyo.

Taa je? Zile taa ndefu tunazoziita mulika mwizi zimesaidia sana, nami ni shabiki wake. Lakini zinamulika uwanja na barabara. Kati ya gorofa mbili zilizobanana, mwanga wake haufiki. Kichochoro kinataka taa yake ndogo ukutani, na mara nyingi taa hiyo ni balbu ya mwenye nyumba, inayowaka akipenda. Mwenye nyumba unayenisikiliza, balbu hiyo ni bei ndogo sana.

Je, kuna waliofanikiwa? Wako, na hatuhitaji kwenda Ulaya. Nenda Dandora. Kwa miaka mingi jina la Dandora limekuwa jaa la taka. Lakini vijana wa hapo, chini ya kikundi cha Dandora Transformation League, walianza na viwanja vile vya pamoja vya mpango wa 1975. Wakazoa taka, wakapanda nyasi na miti, wakapaka rangi, wakaweka mashindano ya koti na koti. Kaya zinachangia kidogo, vijana wanapata kazi ya usafi na ulinzi. Ninachokipenda hapo ni kile kinachofuata baada ya rangi: kuna mtu anayerudi kila wiki na ufagio. Na alipo mtu wa ufagio, hakuna anayethubutu kujenga kibanda usiku.

Linganisha na mradi wa Kazi Mtaani wa mwaka 2020, wakati wa korona. Vijana walifyeka, wakazibua mitaro, wakatengeneza njia za miguu katika vitongoji vyetu, na katika awamu ya pili walilipwa shilingi 455 kwa siku. Walionyesha kwamba kazi hii inawezekana, tena kwa mikono ya watu wa hapahapa. Kisha mradi ukaisha, na hakuna aliyekabidhiwa ufagio. Kwa maoni yangu, ile ilikuwa nafasi bora zaidi tuliyowahi kuipata, na tuliichezea.

Nitaje kidogo Outer Ring. Barabara ilipanuliwa, ikawekewa njia za pembeni na vivuko vya juu. Kwa nini basi watu wanaendelea kukimbia chini katikati ya magari? Wengine ni ukaidi, sikatai. Lakini simama siku moja utazame. Kichochoro kinachotoka mtaani kinamtema mtu mahali pamoja, na kivuko kiko mbali, kwa hiyo anatakiwa arudi nyuma, apande, apenye kati ya wauza soksi na bodaboda inayopita hukohuko juu, ndipo ashuke. Aliyepanga kivuko alitazama barabara, hakutazama vichochoro. Angekuwa na daftari la vichochoro, angejua pa kukiweka.

Na pesa? Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Sera hiyo iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa watu hao. Moja kati ya tano! Mimi huitafuta hiyo moja kati ya tano kila nikipita Shauri Moyo na Makadara, na macho yangu bado hayajachoka kutafuta. Tusiachie hapo. Ahadi iliyoandikwa ni kitu cha kumwonyesha mtu.

Basi tufanye nini, wasikilizaji? Rahisi kuliko mnavyodhani. Jumamosi hii, watano au sita mtoke pamoja, mmoja wa kila koti, na awepo mtu mzima aliyekaa mtaani siku nyingi, maana yeye anakumbuka njia ilipita wapi. Mtembee kila kichochoro. Mwandike kinaanzia wapi, kinaishia wapi, upana wake ni hatua ngapi, nini kimekiziba, mtaro uko upande gani. Kipeni jina kama hakina. Mnaotaka kwenda mbali zaidi, ramani za viwanja zinapatikana kwa idara ya upimaji wa ardhi, Survey of Kenya, pale Ruaraka kando ya Thika Road. Linganisheni na mlichokiona.

Kisha karatasi hiyo itengenezwe nakala mbili na kupelekwa ofisi ya wadi. Moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri mrudi nayo. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa yawe yamefika bungeni pale City Hall kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo mara nyingi huwa vitupu. Nendeni na karatasi yenu, msiende na malalamiko matupu. Mwakilishi wadi akisema hajui njia mnayoizungumzia, msomeeni jina lake, mwanzo wake na mwisho wake. Na msisubiri mwezi wa nne. Masika huanza mwezi wa tatu, na mitaro ya Eastlands inataka kuzibuliwa kabla ya hapo.